Jeki Haikuwa na Kosa

Kijana aliyekuwa akijifunza ufundi kwangu alivunjika mfupa wa muundi, nami nikawaambia watu kwamba aliweka jeki vibaya. Si kweli. Aliiweka palepale nilipomwonyesha. Kosa lilikuwa langu.

Gari lilikuwa Nissan Patrol, linavuma nyuma. Nilitaka kujua ni beringi ipi imekwisha, nikafanya kama nilivyozoea: tukainua tairi moja la nyuma, nikapanda, nikawasha, nikatia gia. Kijana alichuchumaa kando ya ekseli, ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini ameukandamiza sikioni.

Kwa difu ya kawaida gari lisingesogea. Difu hiyo huyapa matairi mawili nguvu sawa, na nguvu yenyewe haizidi ile inayotosha kulizungusha tairi lisilo na kizuizi. Tairi moja likiwa hewani, lililo chini haliambulii nguvu ya kutosha kulisogeza gari. Ndiyo maana gari likikwama topeni upande mmoja, tairi moja huzunguka bure na lingine limetulia tu.

Patrol ile ilikuwa na difu ya LSD (limited-slip), isiyoacha tairi moja lizunguke bure. Ndani ya difu ya namna hiyo mna sahani nyembamba zilizopangwa kwa kupishana kama za klachi ya pikipiki: moja imeshikana na nyumba ya difu, inayofuata imeshikana na gia ya ekseli. Injini inavyozidi kusukuma, ndivyo zinavyozidi kubanana. Tairi moja likitaka kukimbia peke yake, msuguano wa sahani hulizuia na kumpelekea mwenzake nguvu. Topeni, huo ni wokovu. Pale gereji, tairi la chini lilishika saruji, gari likaruka mbele, jeki ikachomoka na kumpiga kijana mguuni.

Nilipaswa kuinua matairi yote mawili na kuyaegemeza kwenye stendi, au kutotia gia kabisa. Hata vizuizi vya matairi ya mbele sikuweka. Kibandiko cha kuonya kwamba difu hiyo hutiwa oili ya LSD tu kilikuwepo, kimefunikwa na tope kavu. Sikukipangusa.

Hospitalini mama yake aliniuliza, "Fundi, mwanangu amepatwa na nini?"

"Jeki ilimteleza, mama."

Kijana alisikia na hakusema neno. Nilidhani ananyamaza kwa heshima, nikautumia ukimya wake.

Baadaye nilikwenda kwao kusema ukweli. Mama alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akanieleza kwamba mwanawe amekataa kurudi gereji yoyote, kwani anaamini mikono yake haifai ufundi. Kijana alikuwa ameniamini mimi kuliko alivyoamini alichokiona. Nikamwita, nikamchorea zile sahani karatasini, nikamwonyesha nguvu ilikopita na kwa nini jeki yoyote ingeanguka. Gharama za matibabu nimezibeba, na mafundi wote wa pale nimewaambia ni nani aliyetia gia.