Kiti cha Jimbo: Kalenga, Rungwe na Illinois

Neno "jimbo" humchanganya Mtanzania anayefuatilia siasa za Marekani, kwa sababu nyumbani hutaja eneo la uchaguzi linalompeleka mbunge mmoja Dodoma, kama Kalenga mkoani Iringa au Rungwe mkoani Mbeya, ilhali Marekani jimbo ni sehemu ya shirikisho yenye gavana, mahakama na bunge lake. Chini ya tofauti hiyo ya maana ipo nyingine nzito zaidi, ya nani hasa mwenye kiti: mpiga kura, chama au kiongozi mwenyewe.

Michael Madigan wa Illinois alianzia Wadi ya 13, kusini-magharibi mwa Chicago, ambako makada wa Democratic walibisha hodi nyumba kwa nyumba, wakiuliza kuhusu taa ya mtaa iliyozimika kabla ya kuomba kura. Aliingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, lenye wajumbe 118 kwa sasa, mwaka 1971, akawa spika mwaka 1983, na isipokuwa miaka miwili kuanzia 1995, ambapo Republican walikuwa wengi, alikishika kiti hicho hadi 2021. Tangu 1998 alikuwa pia mwenyekiti wa chama jimboni, kwa hiyo ratiba ya miswada na fedha za kampeni vilikutana kiganjani mwake. Mwaka 2025 mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani kwa makosa yakiwamo ya rushwa, ikamhukumu kifungo cha miaka saba na nusu.

Nyanda za Juu Kusini zilimtoa mtu aliyedumu karibu kama yeye. Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye Juni 1954 alipokea pale Kalenga fuvu la babu yake, Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani na Gavana Edward Twining, alikuwa Spika wa Bunge tangu 1962 hadi 1973, akarudi mwaka 1975 na kuondoka 1994. Hata hivyo, madaraka ya kupanga wagombea hayakuwa ya spika. Tangu 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, Halmashauri Kuu ya TANU, na baadaye ya CCM, iliteua wagombea wawili kwa kila jimbo, na karatasi ya kura ikawekewa picha ya jembe kwa mmoja na ya nyumba kwa mwingine, ili asiyejua kusoma naye achague. Ushindani huo haukuwa wa kuigiza, kwani hata mawaziri waliangushwa. Lakini kabla ya mkulima wa Kalenga kuchagua kati ya jembe na nyumba, chama kilikuwa kimekwisha kuchagua.

Uzito wa utaratibu huo ulionekana Oktoba 1968, Halmashauri Kuu ilipomfukuza uanachama Eli Anangisye, mbunge kutoka Rungwe, pamoja na wenzake kadhaa, na ubunge ukaondoka na kadi ya chama. Waliompigia kura hawakuulizwa, na hilo linauma hadi leo, kwa sababu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 kanuni yenyewe haikuondoka: Ibara ya 71 ya Katiba bado humvua ubunge anayeacha chama kilichompeleka bungeni, wakati mwakilishi wa Illinois anayehama chama hubaki na kiti chake hadi muda wake uishe.

Aliyeipinga kwa muda mrefu kanuni pacha, ile inayomtaka kila mgombea awe na chama, ni Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa kabla ya Njombe kuwa mkoa. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka Mkataba wa Afrika. Mtikila alifariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, na katika karatasi za kura za mwezi huo kila mgombea alikuwa na jina la chama.