Jina Moja, Karatasi Mbili

Sisi wawili tulitengana hapa Kolwezi miaka minne iliyopita. Vyombo vya nyumba tuligawana kwa amani. Jina la binti yetu ndilo lililotugombanisha. Mmoja wetu hufanya kazi mgodini, mwingine ni muuguzi. Kwa sheria ya Kongo, kodi ya mshahara hupunguzwa kwa asilimia 2 kwa kila mtu wa jamaa anayetunzwa na mfanyakazi, hadi watu 9. Basi kila mmoja alimwandika mtoto kazini kwake. Baba alisema: nalipa karo. Mama alisema: analala kwangu.

Tulifika mbele ya wazee wa shirika letu. Mama mmoja mzee hakuuliza nani ana haki. Aliuliza: «Wanangu, malaria ilipomshika mtoto, ni nani aliyekesha naye?» Tukanyamaza. Sote wawili tulikuwa katika zamu ya usiku. Aliyekesha ni shangazi yake.

Yosefu na Maria walikwenda Betlehemu kuandikwa, wakaenda pamoja, na kwao maandishi yale yalikuwa mzigo, si faida. Sisi tuliigeuza karatasi kuwa kipimo cha upendo.

Leo mtoto ameandikwa upande wa baba, kwa kuwa huko anapata matibabu. Nafuu ya kodi, ingawa ni ndogo, hununua madaftari yake. Nasi tumepanga zamu zetu zisigongane, ili usiku mmoja wetu awe karibu naye.