Barua kutoka Spokane: Chuma cha Unga na Kinoo cha Mjomba

Mjomba,

Najua msimu wa korosho umewashika huko Chunyu, Ruangwa, kwa hiyo sitakuchosha na habari za kazi wala za baridi. Leo nakuandikia habari za kisu. Wewe ndiye uliyenifundisha kukishika, na kuna jambo nataka tukubaliane kabla sijafunga begi la kuja nyumbani.

Idd el-Hajj iliyopita tulikwenda shamba moja nje ya mji, familia tatu za Afrika Mashariki, tukanunua mbuzi watatu kwa mfugaji. Wengine walichinja, kuchuna nikaachiwa mimi. Nikatoa kisu changu cha kukunja kwenye ala ya kiunoni. Nilianza miguu ya nyuma kama ulivyonielekeza: ncha inapasua ngozi kidogo tu, kisha ngumi ndiyo inayoitenga na nyama, kisu kinasaidia pale panapogoma. Nilipomaliza mbuzi wa tatu nilifuta ubapa, nikaujaribu kwenye ukurasa wa gazeti. Ukapita kimya, karatasi haikukwama. Tangu asubuhi sikuwa nimegusa kinoo.

Kisu hicho kinaitwa Buck 110. Ubapa wake una urefu wa sentimita 9.5 hivi, na uzito wake ni gramu 200, kwa hiyo mfukoni unakijua kipo. Miisho ya mpini ni shaba ya rangi ya dhahabu, na katikati ni mti mweusi. Mtu wa kwetu atadhani ni mpingo, lakini mti huo unatoka Kameruni. Ukikifungua, komeo la mgongoni hujifunga kwa mlio mmoja mkavu, na ubapa haurudi mpaka ulibonyeze kwa kidole gumba. Hapo ndipo ilipo heshima yake. Zamani mwindaji aliogopa kisu cha kukunja kwa sababu kingeweza kumfungia vidoleni. Hiki kilitoka mwaka 1964 kikiwa imara kama kisu kisichokunjwa, na tangu hapo viwanda vingi vimekiiga.

Ukoo wake utakufurahisha. Hoyt Buck alikuwa kijana anayejifunza uhunzi huko Kansas alipoanza kufua visu mwaka 1902, na malighafi yake ilikuwa tupa zilizochakaa. Tupa, Mjomba! Zilezile ambazo mhunzi wetu alikuwa akizikusanya kwa mafundi. Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Marekani, Hoyt alikuwa mchungaji huko Idaho. Akaweka karakana chini ya kanisa lake, akawafulia askari visu. Mwaka 1947 alimfuata mwanawe Al mjini San Diego wakafanya kazi pamoja, na Al ndiye aliyekitoa hiki cha kukunja. Tangu 2005 kiwanda chao kiko Post Falls, Idaho, nusu saa hivi kwa gari kutoka ninapoishi.

Jirani yangu mzee, mwindaji mwenye leseni, anacho cha marehemu baba yake cha miaka ya 1970. Tuliviweka mezani viwili pamoja. Chake ubapa umeliwa na kunolewa hadi umekuwa mwembamba, na shaba imepiga weusi, lakini umbo ni lilelile. Kilichobadilika ni chuma.

Visu vingi vya aina hii leo hutumia chuma kinachoitwa 420HC, chenye kaboni isiyofika nusu ya asilimia moja. Changu ni cha S30V, chenye kaboni asilimia 1.45 na madini ya vanadi asilimia 4. Chuma hicho kilitoka mwaka 2001 katika kiwanda cha Crucible, jimbo la New York. Uji wa chuma ukipoa taratibu, chembe ngumu za kaboni na vanadi hujikusanya pamoja, kama ugali uliosongwa vibaya ukabaki na madonge. Kwa S30V, uji hupulizwa kwa gesi yenye nguvu hadi uwe unga, kisha unga hushindiliwa kwenye joto kali mpaka uwe kipande kimoja. Chembe ngumu zinabaki ndogo na zinaenea kila mahali. Ndiyo maana makali yalivuka mbuzi watatu.

Lakini chembe hizohizo za vanadi ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea. Siku makali yanapokwisha, jiwe la kawaida huteleza juu yake, na mimi hutumia bamba lenye unga wa almasi. Nikakumbuka kinoo chako pale kizingitini, jinsi unavyokimwagia maji, ukapitisha kisu mara kumi huku ukizungumza na wageni, na kisu kikawa tayari kwa kuku au kwa mabibo. Nikikuletea S30V, kitakuhudumia miezi mingi, halafu kitalala sandukuni kikisubiri mpwa aje na almasi yake. Chuma hiki nakipenda kwa moyo wote, ila kisu cha mtu ni kile anachoweza kukinoa mwenyewe.

Kwa hiyo nimenunua kingine, umbo hilohilo, chuma cha 420HC. Kinoo chako kitakiweza, na utomvu wa mabibo hautakitia kutu upesi kama kile chako cha springi ya Land Rover. Nitakiweka kwenye begi kubwa la mizigo, maana hairuhusiwi kuingia na kisu kwenye chumba cha abiria cha ndege.

Nami nina ombi. Mwambie mhunzi anifulie kimoja cha springi, mpini wa mpingo, nirudi nacho huku. Jirani yangu anataka kukiona, nami nataka kisu kinachotoka kwenye mvukuto wa kwetu kilale mezani kando ya hivi viwili. Ubapa usizidi kiganja changu. Kipimo nimekichora nyuma ya karatasi hii.

Mpwa wako,
Spokane