Baridi haifufui samaki

Barabara itokayo Bukavu kwenda Uvira huteremka kwa mizunguko mingi ya Ngomo hadi Kamanyola, kisha hunyoka katika uwanda wa Ruzizi. Mto Ruzizi hutoka katika ziwa Kivu, kwenye mita 1460 hivi juu ya bahari, na kuingia katika ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Asubuhi msafiri huondoka amevaa sweta. Alasiri hufuta jasho.

Nasi tulifika hivyo. Kesho yake, kabla ya mapambazuko, tulikwenda ufukoni Kalundu pamoja na mama mwenyeji wetu. Usiku usio na mwezi wavuvi huwasha taa juu ya maji. Ndagala hukusanyika penye mwanga, na mikeke huwafuata ili kuwala. Kulipopambazuka mitumbwi ikarudi, na kelele za wanunuzi zikaanza.

Mama hakukimbilia rundo la kwanza. Alimwinua mukeke mmoja akayatazama macho, kama ni maangavu wala hayakuzama. Akafunua mashavu, kama yangali mekundu. Akabonyeza nyama kwa kidole, akaona inarudi mara moja. Mwisho akanusa.

“Baba,” aliniambia, “jua la hapa halingoji mtu. Na barafu haifufui samaki. Hukihifadhi kile ulichokikuta tu.”

Basi alikuwa amechukua beseni lenye barafu iliyopondwa, kilo moja kwa kilo moja ya samaki, akawapanga tabaka kwa tabaka. Nyumbani aliwapasua mikeke, akatoa matumbo na mashavu, akawaosha kwa maji safi na kuwapangusa wakauke. Akawafunga katika mifuko midogo iliyo bapa, akikamua hewa yote, kwani hewa hukausha nyama na kuyachachusha mafuta. Juu ya kila mfuko akaandika tarehe.

Nikamwuliza sababu ya kufunga kidogo kidogo. Alijibu kwamba fungu nene huganda polepole, na barafu ya namna hiyo hufanya chembe kubwa zinazochoma nyama; siku ya kuyeyusha, utamu wote hutoka pamoja na maji. Tena hakuwatia wote kwa mara moja katika kongelateri yake, wasije wakaipunguzia baridi. Baridi ifaayo ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapo samaki mwenye mafuta hukaa vema miezi 2 au 3. Lakini vijidudu havifi. Vimelala tu, navyo huamka joto likirudi. Kwa hiyo huyeyushwa usiku kucha chini katika friji, si juani.

Usiku wa pili, saa nne, umeme ulikatika. Watoto wakataka kufungua wakatazame. Mama akawazuia, akaandika saa kwa chaki juu ya kifuniko. “Iliyojaa hushika baridi siku 2,” alisema. “Hii ni nusu, itashika siku 1, ikiwa hamtaifungua.”

Ndipo alipotusimulia habari ya mwaka mmoja uliopita. Umeme ulikuwa umekatika siku 3, samaki wakalegea, na harufu ikaanza kubadilika. Uliporudi akawagandisha tena, maana aliwanunua kwa fedha ya mwezi mzima. Juma lile mtoto wake mdogo alitapika na kuhara hata akalazwa hospitalini. Alipona, lakini mama alinyamaza kidogo kabla ya kumaliza. “Nilimhurumia samaki kuliko mwanangu,” alisema.

Safari hii umeme ulirudi saa kumi na mbili jioni, baada ya saa 20. Mafungu ya katikati yalikuwa magumu kama jiwe, hayo aliyaacha. Ya juu yalikuwa yamelegea, ila yangali baridi kabisa. Hakuyarudisha. Mengine aliyapika usiku ule ule, na mengine akawapelekea majirani wawili, wayapike bila kungoja. Nyumba tatu zilikula mikeke, wala hakuna aliyeugua.

Nilipokuwa nikipanda tena kwenda Bukavu niliufikiri mto ule. Maji yake ndiyo yanayozungusha mitambo ya Ruzizi ya Kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya Ruzizi ya Pili, iliyoanza kazi mwaka 1989. Kisha huteremka kwa samaki wa Tanganyika. Umeme ni msaada mkubwa, lakini huja na kuondoka. Akili ya mama yule haikukatika.

Wazee walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Walikuwa wakisema juu ya malezi ya watoto. Lakini kwa samaki mwenyewe pia, amuzi jema ni lile lifanywalo mapema, wakati macho yake yangali yanang’aa.