Mwaka wa Kwanza Nao Unahesabiwa



Leo tuna neno kwa maharusi mlioko vyuoni.

Kwetu ni Bombo, wilaya ya Same, huko milimani Upareni. Sisi wakubwa tuliishia kidato cha nne, tukasomea ufundi cherehani, na sasa tunashona magauni ya harusi. Mdogo wetu wa mwisho ndiye pekee aliyefika chuo kikuu. Alipokuwa mwaka wa kwanza posa ikaja. Kijana ana dini na adabu, tukashukuru.

Tarehe tuliipanga sisi, kwa kuangalia nafasi za wajomba. Yeye akasema, "Dada, hiyo ni wiki ya mitihani." Tukamjibu kwa kauli moja kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu, atafidia mbele. Tulikuwa tumesikia hivyo kwa jamaa aliyesoma Uingereza, ambako vyuo vingi mwaka wa kwanza hutaka ufaulu tu. Basi akaingia chumba cha mtihani na hina mbichi mikononi, usingizi hana.

Hapa Tanzania hesabu ni nyingine. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi za kila somo huzidishwa kwa krediti zake, hujumlishwa kwa miaka yote, kisha hugawanywa kwa jumla ya krediti. Hiyo ndiyo GPA. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini.

Mdogo wetu alipata 2.7 mwaka wa kwanza, 3.6 wa pili, 3.9 wa tatu. Krediti za kila mwaka zilikuwa sawa, kwa hiyo wastani ukawa 3.4. Kazi aliyoitamani ilitaka daraja la pili la juu. Laiti mwaka ule angepata 3.0 tu, angefika.

Hakutulaumu. Alisema ni kadari ya Allah. Ni kweli, lakini nasi tulikuwa sababu, tukamwomba radhi.

Dada zetu, posa ikija, iwekeni kalenda ya chuo mezani pamoja na mahari. Ndoa yataka walii, mashahidi wawili, ijabu na kabuli; haikutaka wiki nzima ya shughuli. Fungeni nikaha, walima ingoje likizo. Nanyi mama na mashangazi, binti akisema ana mtihani, msikilizeni.

Siku hizi biharusi mwanafunzi akija dukani, kabla hatujashika futi tunamuuliza: "Mitihani lini, mwanangu?"

Allah azitie baraka ndoa zenu na masomo yenu. Amin.