Steringi naye hufa

UE imeisha, niko zangu home Itetemia. Nimeazima laptop nikarudia muvi zote 5 za James Bond alizocheza Daniel Craig, kuanzia Casino Royale (2006) mpaka No Time to Die (2021).

Enzi za kibanda cha video tulikuwa na sheria moja tu: steringi hafi. Quantum of Solace (2008) niliiona ya ovyo, kelele tupu. Safari hii nimeiunganisha na Casino Royale bila kupumzika, ndo nikaelewa. Jamaa ana msiba! Vesper kafa, na yeye badala ya kulia anapiga watu. Wanaume wa hivyo tunawajua wangapi, jamani?

Ila kuna kitu kimenikera. Casino Royale wameandika Mbale, Uganda, kumbe ile kambi ya waasi walirekodia Uingereza. Na ile Madagaska ni Bahamas. Yaani Afrika ni bunduki na kukimbizana, basi. Utotoni nilishangilia. Leo, mwalimu mtarajiwa wa jiografia, nimeona aibu kidogo.

Haya, mwisho wa No Time to Die Bond anakufa, Madeleine na binti yao Mathilde wanapona. Mdogo wangu akang'aka: "Kaka, steringi hafi bwana!" Nikataka kumjibu, sauti ikagoma.

Tangu tumzike baba hatukuwahi kulia pamoja. Juzi tumelia, tukasingizia muvi.