Juneau: mgodi ulikufa, mji ukabaki

Ukitaka kwenda Juneau usiulize basi, wala gari la moshi, wala lori la kupanda juu ya magunia. Juneau ni mji mkuu wa Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa, kubwa kuliko Katanga yote ya zamani mara tatu na zaidi. Na hata hivyo hakuna barabara hata moja inayotoka inje na kuingia katika mji huo. Nyuma ni milima na barafu, mbele ni maji ya bahari. Unafika kwa ndege ao kwa bato, basi. Iko barabara moja inayotoka mjini na kufuata ukingo wa bahari kilometa 60 na kitu, kisha inaishia msituni, sawa mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Kutoka Seattle ndege inatumia karibu masaa mawili na nusu. Mimi nilifika mwezi wa tisa, na jambo la kwanza nililoona ni kwamba sikuona kitu. Mawingu tu. Ndege ilishuka ndani ya ule weupe mpaka nikaanza kuomba kimyakimya, halafu maji yakaonekana chini karibu sana, na milima kuume na kushoto. Wenyeji walikuwa wanasoma magazeti yao.

Sasa wewe unajiuliza: "Na huko tunatafuta nini?" Ngoja kidogo. Watu waliohesabiwa Juneau mwaka 2020 walikuwa 32,000 hivi. Komini moja ya Lubumbashi inawazidi mbali. Lakini mji ule ni ndugu yetu. Ulizaliwa na mgodi, ukanyonya mgodi, na siku moja mama yake akafa. Sisi watoto wa makambi, tuliolelewa kwa posho na honi ya kampuni, tunapaswa kwenda kuona ginsi mtoto huyo alivyoishi.

Kwanza chukua koti. Mvua ya Juneau si ile yetu ya mwezi wa kwanza, inayopiga mabati kwa hasira, kisha jua linatoka na watoto wanaruka ndani ya madimbwi. Ile ni mvua nyembamba, ya uvumilivu, isiyo na kelele, na inaweza kufanya juma nzima bila kupumzika. Siku za mvua ao theluji zinapita 200 kwa mwaka. Katikati ya mji, chini ya mlima, inanyesha zaidi ya milimeta 2,000, wakati Lubumbashi tunapata karibu 1,200 na tunaona ni mingi. Ajabu ni kwamba mwamvuli hauonekani sana. Watu wanavaa mabuti ya mpira ya rangi ya kahawia, na wanaingia nayo kila mahali, hata ofisini. Kwenye njia za maduka wamejenga vibaraza vinavyofunika wapita njia. Mimi na mwamvuli wangu tulijulikana upesi kuwa wageni.

Mji wenyewe umebanwa kati ya mlima na maji. Njia zingine si njia, ni ngazi za mbao zinazopanda mlimani, na mama anapanda na mifuko yake ya soko bila kulalamika. Ukishuka mpaka ukingoni utakuta sanamu ya mbwa jike wa shaba, Patsy Ann. Alikuwa kiziwi, lakini kila bato lilipokaribia alikimbia kulipokea, na mwaka 1934 mkubwa wa mji alimtangaza kuwa mpokeaji rasmi wa wageni. Alikufa mwaka 1942. Watoto wanamshika kichwa wakipita, na mimi pia nilimshika, hakuna haya.

Sasa habari ya dhahabu. Mwaka 1880 injinia mmoja aliyekaa Sitka, George Pilz, aliahidi zawadi kwa mkubwa yeyote wa kienyeji atakayemletea mawe yenye dhahabu. Kowee, mkubwa mmoja wa Watlingit wa Auke, alileta mawe. Pilz akatuma wazungu wawili, Joe Juneau na Richard Harris, wafuate njia hiyo. Safari ya kwanza hawakufika mbali, wakarudi. Kowee hakunyamaza, alisema dhahabu iko. Mara ya pili, katika mwezi wa kumi, aliwapandisha mpaka bonde la juu la kijito, na hapo wakaona kwa macho yao. Mara moja wakapima viwanja vya mji.

Mji ukaitwa jina la Juneau. Kijito kikaitwa kijito cha dhahabu, ingawa Watlingit walikuwa na jina lao la kusema mahali pale pana samaki wengi wa aina yake. Jina la Kowee lilipewa mto mdogo, mbali huko kaskazini. Sisi tunaijua hadithi hii. Wazee wetu walikuwa wanayeyusha shaba na kutengeneza ile misalaba midogo zamani sana mbele ya kampuni yoyote, na wataalamu walipokuja na ramani zao, ni wenyeji waliowaonyesha mashimo. Kisha ramani zikasema nani "alivumbua".

Vuka daraja uende kisiwa cha Douglas, upande wa pili wa maji. Pale ndipo palikuwa Treadwell. Fundi wa kujenga kutoka California, John Treadwell, alianza pale mwaka 1881, na mwanzoni mwa karne iliyofuata ulikuwa mmoja wa migodi mikubwa ya dhahabu duniani, na wafanyakazi karibu 2,000. Nyundo za chuma 960 zilikuwa zinasaga mawe usiku na mchana. Zilinyamaza siku mbili tu kwa mwaka, Noeli na sikukuu ya uhuru wao mwezi wa saba. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, duka, maktaba, hata bwawa la kuogelea lenye paa. Nikisoma mambo hayo kwenye vibao vya njiani nilicheka peke yangu: sawa kabisa kwetu, serkle, piscine, shule na zahanati, vyote na muhuri wa kampuni.

Lakini mashimo yalikuwa yanaenda chini ya bahari, na nguzo za mwamba zilizoachwa kushika paa zilikuwa nyembamba. Miaka mingi ardhi ilikuwa inashuka kidogo kidogo, nyufa zinaonekana. Dhahabu ilikuwa bado inatoka, kazi ikaendelea. Mwezi wa nne 1917, usiku mmoja bahari ilipojaa sana, ardhi karibu na lile bwawa la kuogelea ilizama na maji ya bahari yakapata mlango. Wafanyakazi waliitwa kupanda juu haraka. Katika masaa machache migodi mitatu kati ya minne ilijaa maji. Wa nne uliendelea mpaka 1922, kisha ukafungwa.

Ndugu wa Kolwezi, ninyi hamuhitaji maelezo. Mwezi wa tisa 1990, Kamoto ilipoporomoka, mlisikia chini ya miguu yenu kile walichosikia wale.

Leo Treadwell ni msitu. Unatembea katika njia ya udongo, matone yanaanguka kutoka majanini, na kando unaona gurudumu la chuma limekumbatiwa na mizizi, ukuta bila nyumba, shimo kubwa lenye uzio. Pwani yake ni mchanga mzuri sana, lakini si mchanga wa Mungu: ni mawe ya mgodi yaliyosagwa na nyundo zile. Nyumba ya pampu imebaki peke yake majini, bila kazi.

Pale ndipo nilipokutana na mzee mmoja na mbwa wake. Aliuliza ninatoka wapi. Nikasema Likasi. Hakuijua. Nikasema Kongo, kwenye kobalti. Pia alikuwa hajui. Nikamwonyesha simu aliyoshika: "Mzee, ndani ya betri za simu kama hiyo mara nyingi kuko udongo wa kwetu." Aliigeuza, akaiangalia nyuma sawa mtu anayetafuta anuani. Kisha akasema babu yake alifanya kazi katika mgodi wa ng'ambo ya pili, Alaska-Juneau, uliofungwa mwaka 1944 wakati wa vita, watu wa kazi na faida vilipopungua. "Na kwenu," akauliza, "ukifungwa, mji unabaki na nini?"

Nilimwambia kwetu mwaka 2003 watu zaidi ya elfu kumi walipewa barua ya kuacha kazi kwa siku chache tu, na kwamba wengi wao hawakubaki na kitu. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja. Alinunua kombi moja, ikafa mwaka wa pili. Mzee alitikisa kichwa, mbwa akatuvuta, tukaagana.

Swali lake lilinifuata mpaka mjini. Juneau ilibaki na nini? Ilibaki na serikali. Tangu 1906 mji mkuu ulikuwa umehamishwa kutoka Sitka kuja pale kwenye mgodi, na mgodi ulipokufa ofisi zilikuwa zimekwisha kuota mizizi. Lakini usifikiri walilala usingizi. Mwaka 1974 raia wa Alaska walipiga kura mji mkuu uhame, na 1976 wakachagua mahali papya, Willow. Fikiri mioyo ya watu wa Juneau miaka ile! Ni mwaka 1982, walipoambiwa bei ya kujenga mji mpya, ndipo wapiga kura wakakataa kulipa.

Jiko la pili ni wageni. Meli za watalii zinakuja tangu mwezi wa nne mpaka wa kumi, ndefu kuzidi nyumba zote za mji, na mwaka 2023 walishuka watu zaidi ya milioni moja na nusu. Faida iko, lakini wenyeji wamechoka na msongamano, ndiyo maana tangu 2024 walipatana na kampuni za meli zisizidi tano kubwa kwa siku. Na ukingo mwingi wanaoshukia hao wageni ni mawe ya mgodi wa Alaska-Juneau, yaliyomwagwa baharini mpaka yakawa ardhi. Sisi teril yetu tumeiacha isimame tuipige picha. Wao walijenga juu yake.

Usirudi bila kupanda kwenye kanisa dogo la Kirusi la Mtakatifu Nicholas, lenye pembe nane, la mwaka 1894. Watlingit wenyewe waliliomba, sababu pale waliweza kusali kwa lugha yao. Makanisa mengine hayakuwa hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kanisa la Wapresbiteri lililoongozwa na Mtlingit, mchungaji Walter Soboleff, lilifungwa na wakubwa wa dhehebu. Mwaka 2023 dhehebu lilikuja Juneau kuomba musamaha hadharani, na kuahidi malipo. Miaka sitini. Wengi waliosali pale walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Na vijana, shikeni jina hili: Elizabeth Peratrovich. Mwaka 1941 yeye na mume wake waliona kwenye hoteli moja ya Douglas tangazo la kukataza wenyeji kuingia. Hawakupita tu. Waliandika kwa gavana, na mwaka 1945 mama huyu alisimama mbele ya baraza la sheria, katika jengo lile lenye nguzo za marumaru mjini, akajibu waliowaita watu wake washenzi. Sheria ikatiwa sahihi tarehe 16 Februari 1945, miaka 19 mbele ya ile ya Marekani yote.

Siku ya mwisho nilienda kuona mto wa barafu wa Mendenhall, kilometa 20 hivi kutoka mjini. Barafu ya buluu, kweli, sawa sabuni ya kufulia. Kila mwaka inarudi nyuma, na maji yanayojikusanya katika bonde la pembeni yake yanapasuka wakati wa joto. Mwezi wa nane 2023 yalibomoa nyumba, na mwaka uliofuata yaliingia katika nyumba karibu 300. Hata huko, basi, ardhi haiaminiki.

Na dhahabu? Haikuisha kabisa. Mgodi wa fedha wa Greens Creek ulifunguliwa mwaka 1989 katika kisiwa cha jirani, na wa dhahabu wa Kensington mwaka 2010. Wafanyakazi wa Greens Creek wanaenda kwa bato. Asubuhi ya kuondoka niliambiwa kwamba wanaondoka giza bado, wakaniacha niangalie. Walikuja mmoja mmoja na mabuti yao, sanduku la chakula mkononi. Mama mmoja alibaki ndani ya gari na mtoto aliyelala, taa za gari zikiwaka, mpaka bato likapotea ndani ya mvua. Kisha akageuza, akarudi nyumbani.